Jiwe Lisiloshika Sumaku

Maneno niliyoyasema bwaloni siku ya mkutano wetu wa mwaka



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya kazi yangu na faida zake kwa taifa. Niliposoma nilicheka kidogo, maana kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kutafuta maji chini ya jangwa la watu wengine, na faida yake kwa taifa hili ni zile fedha nilizotuma nyumbani kulipia karo za wadogo zangu. Basi nimemwomba Katibu radhi, naye amenikubalia nizungumze jambo jingine nililokutana nalo huko huko kazini. Nalo ni habari ya mawe yatokayo Mwezini ambayo huokotwa majangwani: ni mawe ya namna gani, na hutambuliwaje. Katika habari hiyo mna kosa langu mwenyewe, na nitalieleza bila kulificha.

Wenzangu wa Kidato cha Nne cha mwaka 1975 watakumbuka safari ya Mbozi. Tulikwenda kwa lori la shule, tumekaa juu ya magunia, vumbi likatufanya sote tuwe na nywele za wazee kabla ya wakati wake. Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye sasa ni marehemu, alitaka tukione kile kimondo kwa macho. Mnakijua wote: kipande cha chuma chenye urefu wa yapata mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Wenyeji walikijua tangu zamani na kukiheshimu. Ulimwengu wa nje ulipata habari zake mwaka 1930. Karibu chote ni chuma, na kilichobaki zaidi ni nikeli, asilimia 8 au 9 hivi.

Mwalimu alikuwa amechukua sumaku ya maabara, ile yenye umbo la kwato la farasi, ameifunga kwa uzi. Alituita mmoja mmoja tuisogeze. Ikaruka na kunata. Akasema, "Vijana, kimondo hushika sumaku." Tukaandika katika madaftari. Mimi niliandika, kisha nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu, kama nilivyokuwa nikifanya kwa maneno niliyodhani yatatoka kwenye mtihani.

Mwalimu hakutudanganya. Hata vile vimondo ambavyo ni mawe, wala si vipande vya chuma, aghalabu vina punje za chuma na nikeli zilizotawanyika ndani yake. Vile vilivyoanguka Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 ni vya namna hiyo. (Kijana mmoja huko aligongwa kichwani na kijiwe cha gramu zisizozidi 4, baada ya majani ya mgomba kukipunguzia kasi, naye hakuumia. Sijui kama wapo watu wengi duniani wanaoweza kuwasimulia wajukuu habari kama hiyo.) Ukipitisha sumaku juu ya mawe hayo, itashika. Kwa hiyo kanuni ya mwalimu inafaa kwa sehemu kubwa sana ya vimondo. Haifai kwa vile vitokavyo Mwezini.

Sasa nitawapeleka Oman. Mwaka 1996 nilikuwa nimeajiriwa huko na kampuni moja ya kupima maji ya chini ya ardhi. Tulifanya kazi katika uwanda uitwao Jiddat al Harasis, katikati ya nchi, makao ya Mabedui wa kabila la Harasis na ya choroa weupe. Ardhi yake ni chokaa tupu, nyeupe na tambarare. Unaweza kuendesha gari tangu asubuhi hadi adhuhuri usione kilima. Hakuna mto wa kuleta mawe kutoka mahali pengine, wala mlima wa kuyaporomosha. Mahali kama hapo jiwe lenye rangi tofauti huonekana kwa mbali kama nzi katika bakuli la maziwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya vimondo kuokotwa zaidi majangwani. Sababu nyingine ni ukavu. Chuma kilichomo katika kimondo hushika kutu upesi penye mvua, na jiwe huvunjika likawa udongo. Katika jangwa kavu laweza kudumu makumi ya maelfu ya miaka. Vimondo huanguka kila mahali kwa usawa, hata katika mashamba yetu ya kahawa hapa, ila huku kwetu mvua na majani huvimeza.

Dereva wetu alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja na kuhamia huko akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu, na sote tulimwita Ami. Yeye alikuwa na macho ya ajabu. Siku moja alisimamisha gari ghafla, akashuka, akarudi na jiwe mkononi, dogo kuliko ngumi. Lilikuwa na rangi ya kijivu iliyoingia ukijani kidogo, na upande wa chini limegandamana na utando mweupe. Akaniambia, "Mwanangu, hili si la hapa."

Nikatoa sumaku yangu, ambayo nilikuwa nayo siku zote mfukoni kwa sababu ya mwalimu wetu. Haikushika. Nikatoa chupa ya asidi ya haidrokloriki tuliyotumia kupimia chokaa, nikadondosha tone moja. Likatoa povu. Nikamwambia Ami, kwa sauti ya mtu aliyesoma chuo kikuu, kwamba hilo ni chokaa tu lililoingia uchafu. Nikalitupa. Ami akaliangalia lilipoangukia, akasema, "Haya, msomi ni wewe," akawasha gari.

Sikuandika mahali tulipokuwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tuliache jiwe hilo jangwani kwa muda, nieleze jambo lenyewe. Mwezi hauna hewa, na nguvu yake ya uvutano ni ndogo. Kitu kikirushwa kutoka pale kwa mwendo wa kilomita 2.4 kwa sekunde hakitarudi tena. Mara kwa mara jabali kutoka angani huugonga Mwezi, na baadhi ya vipande hurushwa kwa mwendo huo au zaidi. Vingine huzunguka angani, kisha huvutwa na dunia yetu na kuanguka. Kabla ya mwaka 1982 hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba jambo hilo hutokea kweli. Januari mwaka ule kikosi cha Wamarekani waliokuwa wakitafuta vimondo juu ya barafu ya Antaktika (ambayo nayo ni jangwa, ingawa ni la baridi) waliokota jiwe la gramu 31 tu, mfano wa limau dogo, likapewa jina Allan Hills 81005. Mtaalamu aitwaye Brian Mason, wa Smithsonian huko Marekani, aliangalia kipande chake chembamba kwa hadubini, akaona vipande vyeupe ndani yake vinavyofanana na mawe ya nyanda za juu za Mwezi. Aliweza kusema hivyo kwa sababu palikuwa na cha kulinganisha: wanaanga wa Apollo walikuwa wameleta kilo 382 za mawe na udongo kati ya 1969 na 1972. Baadaye ilionekana kwamba Wajapani walikuwa wameokota jingine huko huko Antaktika tangu mwaka 1979 bila kulijua. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza kulishika jiwe bila kulijua, ila wao walilihifadhi.

Ni nini basi kimo ndani ya jiwe la Mwezi? Vijana wanaochukua sayansi, nawaomba msikilize hapa. Madini makubwa ni manne: plagioklesi, ambayo ni jamii ya feldspa na ni nyeupe, pairoksini, olivini, na ilmenaiti, ambayo ni nyeusi na ina chuma na titani. Hakuna hata moja lililo geni. Yote manne yapo katika ardhi ya Tanzania. Ukienda Upangwa, wilaya ya Ludewa, pale penye chuma cha Liganga, utakanyaga mwamba uitwao anothositi, ambao karibu wote ni plagioklesi, na gamba la kale la Mwezi limefanywa kwa mwamba wa jamii hiyo hiyo. Basi mtu atauliza: kama madini ni yale yale, utajuaje jiwe hili ni la Mwezi na hili ni la Ludewa?

Utajua kwa vitu vilivyopungua. Kwanza, plagioklesi ya Mwezini ina kalisi nyingi mno na sodiamu kidogo mno. Ukihesabu kalisi na sodiamu pamoja kama mia, katika mawe ya nyanda za juu kalisi hufika 95 hadi 97. Plagioklesi za huku kwetu kwa kawaida zina sodiamu zaidi. Mwezi ulizaliwa katika moto mkali sana, na vitu vinavyogeuka mvuke upesi, kama sodiamu na potasiamu, vilipotea kwa wingi. Pili, humkuti maika, wala humkuti udongo wa mfinyanzi, wala madini mengine ya kawaida yanayohitaji maji ili yajengeke. Ukiyaona, ama jiwe si la Mwezi, ama yameingia baada ya kuanguka. Tatu, na hiki ndicho kipimo kinachotegemewa sana, ni uwiano wa chuma na manganizi. Elementi hizi mbili hutembea pamoja katika miamba kama pacha, na kila sayari ina uwiano wake. Katika pairoksini ya Mwezini chuma ni mara 60 hadi 70 ya manganizi. Katika pairoksini za vimondo vya sayari ya Mirihi, na za vile vinavyodhaniwa kutoka katika sayari ndogo Vesta, uwiano huo ni kati ya 30 na 40 hivi. Hata jiwe likiwa limevunjwa na kuyeyushwa mara tano, uwiano huo haupotei. Mwisho ni oksijeni. Aina zake tatu zimechanganyika katika mawe ya Mwezi kwa kiasi kile kile kama cha dunia yetu, wakati karibu vimondo vingine vyote vina mchanganyiko tofauti. Wengi wanaona hiyo ni dalili kwamba Mwezi na dunia vina asili moja.

Mmeona kwamba sikutaja chuma kitupu. Kimo, lakini ni kidogo sana, na aghalabu kile kililetwa na majabali yaliyougonga Mwezi. Ndiyo maana sumaku yangu ilikaa kimya.

Sura ya mawe hayo pia yafaa kuelezwa. Mengi si mwamba mmoja mzima. Ni breksia, yaani mawe yaliyovunjwavunjwa kwa migongano na kugandishwa pamoja tena. Mtu anayetaka kuielewa breksia na anunue kashata pale getini. Njugu nzima, njugu nusu, vumbi la njugu, na sukari iliyoyeyuka ikavishika vyote. Mwezini njugu ni vipande vya plagioklesi na vya basalti, na sukari ni mwamba ulioyeyuka kwa joto la kugongwa, ukapoa upesi hata ukawa kama kioo. Ukikata kimondo cha nyanda za juu kwa msumeno wa almasi, utaona madoadoa meupe katika rangi ya kijivu iliyokoza. Kwa nje jiwe likiwa bichi huwa na ganda jembamba lililoungua lilipopita hewani, lakini upepo wenye mchanga wa jangwani hulifuta ganda hilo, na jiwe likabaki uchi kama mawe mengine.

Wataalamu wameyagawa katika makundi, na mgawanyo wenyewe si mgumu, kwa sababu unafuata sura ya Mwezi kama tunavyouona usiku. Sehemu nyeupe ni nyanda za juu. Mwezi ulipokuwa mchanga, juu yake palikuwa na bahari ya mwamba ulioyeyuka. Plagioklesi, kwa kuwa ni nyepesi, ikaelea juu kama malai juu ya maziwa yanayopoa. Vimondo vitokavyo huko vina oksidi ya aluminiamu takriban asilimia 26 hadi 31, na oksidi ya chuma asilimia 3 hadi 6 tu. Hivyo ndivyo vingi. Sehemu nyeusi, zile ambazo bibi zetu walizionyesha wakisema ni mtu au ni sungura, huitwa bahari ingawa hazina tone la maji. Ni nyanda za basalti iliyotoka chini ikiwa uji wa moto, kama ile ya mlima Rungwe. Vimondo vyake vina oksidi ya chuma asilimia 18 hadi 22. Katikati ya makundi hayo mawili yapo mawe ya mchanganyiko, kwa sababu migongano haikujali mipaka. Tena lipo kundi la nne, dogo lakini lenye habari nyingi. Ile bahari ya mwamba ilipokaribia kuganda yote, yalibaki majimaji machache ya mwisho yaliyobeba kila elementi iliyokosa nafasi katika madini mengine: potasiamu, fosforasi, elementi adimu za jamii ya lanthani, pamoja na thoriamu na urani. Wataalamu huyaita KREEP, K ikiwa alama ya potasiamu, P ya fosforasi, na herufi za kati ni za hizo elementi adimu. Mawe yenye thoriamu nyingi ya namna hii yamejikusanya zaidi upande mmoja wa Mwezi, ule unaotuelekea sisi.

Hapo tunarudi Oman. Kuanzia mwaka 2001 serikali ya Oman na wataalamu wa Uswisi kutoka Bern walianza kazi ya pamoja ya kutafuta vimondo katika uwanda ule ule niliokuwa nikizunguka. Waliendesha magari polepole, wakatembea kwa miguu, na kila walichokiokota walikipiga picha mahali kilipolala na kuandika nafasi yake. Tarehe 16 Januari 2002, katika eneo la Sayh al Uhaymir, waliokota jiwe la gramu 206, lenye rangi ya kijivu iliyoingia ukijani. Likaitwa Sayh al Uhaymir 169. Kundi lake ni lile la KREEP: lina thoriamu sehemu 32.7 katika kila milioni, wakati vimondo vingi vya nyanda za juu havifiki hata sehemu moja. Kutokana na punje za zirkoni zilizomo ndani yake walisoma kwamba liliyeyushwa na mgongano mkubwa miaka milioni 3,909 iliyopita. Likagongwa tena yapata miaka milioni 2,800 iliyopita, na tena yapata milioni 200. Mgongano wa mwisho, ule uliolirusha kutoka Mwezini, haujatimiza miaka 340,000, na kutua kwake Oman hakujatimiza miaka 9,700. Kisha wakalinganisha kemia yake na ramani ya thoriamu iliyochorwa na chombo kilichouzunguka Mwezi mwaka 1998 na 1999, wakaonyesha kwamba yaelekea lilitoka karibu na kasoko iitwayo Lalande, yenye upana wa kilomita 24. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2004. Ndugu zangu, fikirini: kijiwe kinachoenea kiganjani, na watu wameweza kutaja mtaa kilichotoka!

Niliisoma makala hiyo ofisini, mwaka huo wa 2004, nikaona na picha. Nilikaa kimya kwa muda. Sisemi kwamba lile la Ami lilikuwa sawa na hili. Huenda lilikuwa kipande cha mwamba kilichoachwa na msafara wa zamani. Lakini nilielewa siku ile nilichokifanya na asidi. Mawe yanayolala miaka elfu nyingi juu ya chokaa ya Oman hujengeka utando wa chokaa upande wa chini, na chokaa na jasi hupenya mpaka ndani ya nyufa. Wataalamu wanaopima vimondo vya jangwa wanalijua jambo hili; wakikuta bariamu na strontiamu nyingi kupita kiasi hawazihesabu kuwa za Mwezi, wanajua ni za jangwa. Mimi nilidondosha asidi juu ya ule utando, ukatoa povu, nami nikasema nimepima jiwe. Nilikuwa nimepima vumbi la Oman. Laiti ningelivunja pembe kidogo nikatazama ndani kwa lenzi, kazi ya dakika moja, ningejua kama ni chokaa au la.

Mwaka 2005 nilirudi Oman kwa mapumziko, nikamtafuta Ami. Alikuwa amestaafu, macho yamepungua. Nilipomweleza hakunicheka. Alisema, "Twende." Tulikwenda siku mbili na mjukuu wake akiendesha, tumekubaliana kwamba tukiliona tutalipeleka serikalini, kwa sababu vimondo haviruhusiwi kutolewa Oman bila kibali, nami naona ni haki. Ami alidai anapakumbuka mahali penyewe kwa mti mmoja. Mti tuliuona. Tulitembea kuuzunguka mpaka jua likazama. Tuliona alama za magari mengi, na mavi ya ngamia, na chokaa. Jioni ya pili Ami alichemsha chai, akaniuliza kama nilikuwa na daftari siku ile. Nilimwambia nilikuwa nalo. Hakuuliza tena.

Kwa nini mtu asumbuke kiasi hicho kwa jiwe moja? Nitatoa sababu yangu. Yale mawe ya Apollo yalichukuliwa sehemu sita, zote za upande unaotuelekea, tena karibu na ile nchi ya thoriamu. Warusi kwa vyombo vyao vya Luna waliongeza gramu 300 hivi, nao upande huo huo. Hadi Wachina walipoleta udongo wa upande wa nyuma mwezi Juni 2024, vimondo ndivyo vilikuwa njia pekee ya kupata jiwe la huko, kwa sababu migongano huchota popote. Habari zake zimebadilisha mengi. Huko Botswana mwaka 1999, katika jangwa la Kalahari, iliokotwa basalti ya Mwezi yenye uzito wa kilo 13.5, ikaitwa Kalahari 009. Ilipopimwa ilionekana kuwa na umri wa miaka milioni 4,350. Maana yake ni kwamba volkeno zilikuwa zikitapika Mwezini mapema kuliko basalti nyingi za Apollo zilivyoonyesha. Jambo hilo limesomwa katika jiwe la Afrika.

Na hapa nina lawama kidogo. Vimondo vya Mwezi vilivyosajiliwa sasa ni mamia, na vingi vimetoka Sahara, ambako la kwanza kutambuliwa lilikuwa Dar al Gani 262 la Libya, mwaka 1997. Mengi ya Sahara huokotwa na wachungaji, yakauzwa sokoni, yakauzwa tena. Yanapofika kwa wataalamu hakuna ajuaye yalilala wapi, basi Meteoritical Society, chama cha kimataifa kinachoyapa majina, huyaandika "Northwest Africa" na namba. Nchi zote zile, na mawe yamepewa jina moja la fungu. Jiwe lenyewe bado lasema habari za Mwezi, hilo sikatai, na mchungaji anastahili malipo yake. Lakini vipande viwili vya mgongano mmoja vikiuzwa miji miwili tofauti, huwezi tena kujua kwa yakini kama vilianguka pamoja, na hesabu yote ya mawe mangapi yametoka kasoko ngapi huwa ya kubahatisha.

Tangu nilipostaafu na kurudi nyumbani, watu huniletea mawe. Wapwa zangu, majirani, hata mtu mmoja aliyetoka Sumbawanga kwa basi na jiwe limefungwa kwenye kanga. Wengi wameambiwa na matapeli kwamba kimondo ni mamilioni. Karibu yote ninayoletewa ni mavi ya chuma, yaliyoachwa na wahunzi wetu wa kale wa Ufipa na Unyiha waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru ya udongo. Ni meusi, ni mazito, yana vitundu, na mengine yanashika sumaku vizuri sana! Yule wa Sumbawanga alikuwa ameuza mbuzi kupata nauli. Nilimwonyesha vitundu, nikamweleza kwamba vimondo karibu havina vitundu kama hivyo, nikampa nauli ya kurudi. Aliondoka akiwa haniamini. Hata hivyo kila jiwe ninaloletewa nalipasua pembe kwanza, na mwenyewe namwomba aniambie aliliokota wapi, nami naandika.

Nimezidisha muda, naona Mwenyekiti ananitazama. Nimewaletea vitu vitatu, nimeviacha maabara. Kimoja ni kipande cha anothositi ya Ludewa, kingine ni basalti ya Rungwe, vyote viwili vimesagwa mpaka unene wa sehemu 3 za mia za milimita na kubandikwa juu ya kioo, ili vijana waone kwa hadubini plagioklesi na pairoksini zilivyo. Cha tatu ni ile sumaku yangu ya mfukoni. Mwalimu wa maabara amekwisha kufungua mlango. Atakayetaka kuuliza na anifuate huko baada ya chai. Na kama kuna aliyekuja na jiwe leo, maana nimeona kijana mmoja kule nyuma ana kitu kizito mfukoni, aje nalo.